Thlipsis ni Kubanwa

Jumanne, 1 Agosti 1995
Kazini kwenye mizani ya kiwanda hadi saa tisa. Magari matatu tu ya pamba siku nzima. Kiwanda kinauzwa, wanasema. Nani anauza, nani ananunua, hakuna ajuaye. Meneja naye anatuuliza sisi.

Jioni kwa Mchungaji. Jumapili nahubiri Kamanga, ng'ambo ya ziwa, nimepewa neno "dhiki". Kaniambia Kigiriki chake ni thlipsis. Nimeliandika kiganjani nisilisahau. Mke wangu Milembe kaliona tukila, akauliza ni dawa ya nini.

Jumatano, 2 Agosti
Nimeazima daftari la Mchungaji la chuoni. Thlipsis: kubanwa. Kusongwa pande zote hadi huna pa kupita. Nimefurahi, hilo naweza kulieleza.

Nikalijaribu kwa Milembe. Kacheka hadi akashika tumbo, na tumbo lenyewe la miezi saba. "Mwinjilisti, ukiwaambia umebanwa, Kamanga watakuonyesha choo." Kweli. Hata mimi nikisema nimebanwa, ni choo. Nimekasirika. Neno la Mungu si mzaha.

Ijumaa, 4 Agosti
Sielewi tena. Daftari linasema njaa ni thlipsis, kifungo ni thlipsis, uchungu wa mwanamke anayejifungua nao ni thlipsis. Vyote hivyo neno moja? Hili la uchungu nimeliacha, wavuvi watanishangaa.

Milembe hanipi nafasi. Akienda uani: "Nimebanwa, Mwinjilisti, andika." Jirani yetu Mama Zuhura naye kadaka: "Shemeji, tiripsisi haijambo?" Msikiti haukosi, na sasa Kigiriki anacho. Nacheka kwa nje tu. Afadhali wacheke. Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano, na mwaka ule hakuna aliyecheka humu ndani.

Jumapili, 6 Agosti
Naandika kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi nafunga viatu, Milembe kakaa kitandani, kashika kiuno. "Nimebanwa," akasema. Nikamwambia leo aache utani, nitachelewa kivuko. Hakucheka. Niliona kwamba hakucheka. Nikatoka.

Kamanga nilihubiri saa nzima. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mtumishi, huyo anayebana ni nani?" Nikajibu shetani. Watu wakasema amina.

Nimerudi, mlango wazi, kitanda kimelowa. Mama Zuhura alimwahisha hapa kwa pikapu ya samaki ya kaka yake. Mtoto wa kike, yuko chumba cha joto. Mdogo mno. Mama Zuhura hakuniita shemeji. Aliuliza kitu kimoja: "Alikwambia?" Nikasema aliniambia.

Jumatatu, 7 Agosti
Milembe haongei nami. Anaongea na nesi, anaongea na mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikiingia anageukia ukutani.

Najichukia. Lakini pia sijui. Neno lile lile, mdomo ule ule, siku nne nzima lilikuwa utani. Ningejuaje kwamba siku ya tano si utani? Halafu nakumbuka uso wake na jibu langu linakufa. Nilijua. Au sikujua. Nikiandika moja, la pili linakataa.

Nimerudisha daftari. Mchungaji kauliza hubiri lilikwendaje. Nikasema vizuri.

Alhamisi, 10 Agosti
Mtoto anapumua vibaya tangu alfajiri. Nesi anasema tusubiri. Tusubiri nini, hasemi. Kiwandani wamebandika majina ya wanaopunguzwa. Sikwenda kusoma.

Nimejaribu kuomba. Naogopa.

Jumamosi, 12 Agosti
Mtoto kanyonya. Kidogo, lakini kanyonya. Nesi katabasamu, nikatoka nje nikalia nyuma ya wodi.

Kesho nilitakiwa kuhubiri Usagara. Nimetuma ujumbe kwamba siendi, watafute mwingine.

Nepi nimezifua mwenyewe bombani. Wanawake walinicheka sana, mmoja kaniuliza kama mke wangu ni askari. Nimezianika dirishani karibu na kitanda. Maji yakawa yanadondoka sakafuni. Milembe akayaangalia.

"Hukukamua," akasema.

Nikaziteremsha, nikaenda kuzikamua tena.