Gari Litakalombeba Zuhura

Jumatano, 2 Julai

Nimebadilisha kitambaa cha kidonda, kama kila asubuhi. Kimeanza kukauka pembeni. Zuhura alikuwa anakula muhogo huku namsafisha, anafuatisha wimbo wa redio. Hasikii maumivu yoyote. Alizaliwa na mgongo wazi, miguu haina hisia. Siku ile ya kliniki ya Ruangwa, ekzosi ya bodaboda ilimchoma mguu njia nzima na yeye anapiga stori. Nikaja kuona jioni, wakati wa kumwogesha.

Hapandi tena pikipiki. Nimemwambia baba yake. Hamisi hakubisha.

Ufuta umeuzwa. Tunanunua gari, bati za nyumba zisubiri. Yeye anataka la dizeli: linabeba magunia, linavumilia vilima, mafuta hayaishi upesi. Mimi nataka mlango mpana na nafasi ya kiti mwendo. Jipya hatuliwezi. Tutatafuta lililotumika.

Ijumaa, 4 Julai

Hamisi kashinda Ruangwa, karudi anang'aa. Kaona gari jeupe la dizeli, siti saba, viti vya ngozi. Picha kamwonyesha kila mtu mpaka muuza mkaa. Mwenye gari, Bwana Salumu, anataka jibu upesi. Eti kuna mtu wa Masasi analitaka.

Kila muuza gari ana mtu wake wa Masasi.

Jumamosi, 5 Julai

Ruangwa kwa basi, Zuhura mapajani mwangu. Anakuwa mzito.

Gari ni zuri, sikatai. Liliwaka mara moja. Zuhura kaingia, kiti mwendo kikaingia nyuma bila taabu. Hamisi anatabasamu kama bwana harusi. Nikaweka mkono kwenye boneti. La moto.

Nikauliza limetoka wapi.

"Halijatoka, mama. Toka jana limelala hapahapa," akasema Bwana Salumu.

Limelala, joto la nini? Nikasema nataka kuliona likiwashwa asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Hamisi akanivuta pembeni. Niache kumwaibisha mbele za watu. Neno hilo limeniuma.

Nimekataa kurudi. Mimi na Zuhura tunalala hapa mjini kwa dada yangu. Hamisi kapanda basi peke yake. Hakuaga vizuri.

Jumapili, 6 Julai

Baridi kali. Baada ya sala ya alfajiri nikamwacha Zuhura kwa dada, nikaenda kwa Bwana Salumu bila kumwarifu. Sijafika getini nikasikia stata inalia, inalia, inakata. Wanaume wawili wanasukuma gari letu. Nimeshaanza kuliita letu! Likawaka kwa kukohoa. Moshi mweupe ukajaa uani, ukaendelea kutoka.

Bwana Salumu akaniona. Hata salamu hakunipa.

"Dizeli za zamani zote ndivyo zilivyo asubuhi."

Labda. Mimi si fundi. Ninachojua, jana alilipasha moto kabla hatujafika, kisha akanidanganya machoni.

Nikampigia Hamisi, nikamweleza. Akasema, "Rudini nyumbani, Mama Zuhura."

Nimelia ndani ya basi. Zuhura kanifuta kwa kanga yangu mwenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Hamisi haongei sana tangu Jumapili. Si hasira, ni aibu. Alishawatangazia watu gari jeupe.

Leo tumeenda Lionja. Mzee Chitanda anauza gari lake la dizeli, macho hayamruhusu tena kuendesha. Sura ya gari mbaya. Rangi imepauka, mlango mmoja mwekundu, mingine ya kijani. Ila milango ni mipana. Tulifika mapema makusudi. Boneti baridi kama mtungi. Likawaka, likatoa moshi kidogo, likatulia.

Mzee akatutajia ubovu wake kabla hatujauliza. Kioo cha nyuma hakishuki. Ukilijaza mizigo kupita kiasi, mlimani linachemsha. Hamisi akaingia uvunguni na shati lake la kutokea. Fundi tuliyekwenda naye kaliendesha, karudi, kasema nozeli za kupulizia dizeli zisafishwe, basi.

"Watu watacheka," Hamisi akaninong'oneza.

"Wacheke. Mtoto atapona huku wanacheka."

Akaanza kucheka yeye. Tumelichukua.

Jumapili, 13 Julai

Tumetoka Marambo, kumwona bibi yake Zuhura. Kidonda kinafunga. Zuhura kakaa dirishani, anawapungia watu asiowajua, anauliza jina la kila kijiji. Njia hii nimempitisha mara nyingi mgongoni. Kumbe alikuwa anaona shingo yangu tu.

Tumefika nyumbani kasinzia. Hamisi kazima gari, hakutaka kumwamsha. Yumo humo naye, milango wazi, upepo unapita. Nimempelekea chai hukohuko.