Chumba cha Bi Mwanatumu

Jumanne, 1 Julai

Mama nimemgeuza, nimempaka mafuta ya nazi mgongoni, kanywa uji nusu kikombe. Kisha swali lake. Kila asubuhi lilelile tangu Bi Mwanatumu azikwe: nani ataniosha mie? Nikamwambia hufi leo. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

Bi Mwanatumu ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike hapa Moa. Alikuwa halipwi na mtu. Akiitwa huchukua kikapu chake akaenda, kwa mwenye nacho na kwa asiye nacho. Dada yangu aliyemwosha ni yeye. Sasa kafa yeye mwenyewe, na mwanamke aliyekuja kumwosha alitoka kijiji cha pili.

Jioni kikao cha kamati. Tunamjengea chumba cha kuoshea maiti ubavuni mwa msikiti, jina lake juu ya mlango. Mie nimefanywa mweka hazina kwa kuwa cherehani yangu iko barazani na hakuna asiyepita hapo. Mwenyekiti ni Bwana Kibwana, mstaafu wa forodha, mtu apendaye kipaza sauti kuliko futari. Vigae viwe vyeupe au vya kijani? Tumebishana mpaka Isha. Nimerudi kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 4 Julai

Shehe katangaza baada ya sala. Michango imeingia, alhamdulillah. Yuko fundi mmoja Mpare, Mlutheri, kaleta saruji kwenye bodaboda. Anasema alipofiwa na mkewe alikuwa mgeni hapa, na Bi Mwanatumu alikaa mkekani na watoto wake mpaka matanga yakaisha. Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano nisimwonyeshe macho yangu.

Jirani yangu Nyamvula, mkaanga samaki, naye huleta kidogokidogo kila akifunga meza yake. Noti zinanuka. Leo kanambia hizo hata nikizifukiza udi zitanuka samaki taa vilevile, na marehemu hatajali, pua yake ilizoea mabaya zaidi. Nimecheka mpaka Mama akauliza kuna nini.

Silali vizuri. Naamka kusikiliza kama Mama anapumua.

Jumatano, 9 Julai

Sare! Ndilo lililokula kikao kizima. Kanga ya siku ya ufunguzi iwe ya rangi gani, iandikwe maneno gani. Kina mama wamewaka macho kuliko siku zote. Nyamvula alitaka waridi. Mimi nikauliza: chumba kikiisha, ataingia nani humo kuosha?

Bwana Kibwana akakohoa, akasema hilo litapelekwa kamati ndogo. Hatuna kamati ndogo.

Mmoja akadakia: si wewe Mishi uliyekuwa ukimshikia Bi Mwanatumu pazia? Kweli nilishika. Pazia linashikwa na mtu aliyeinamisha macho. Nilikuwa nachota maji, nashika kitambaa, natazama mchanga. Hiyo si kuosha. Maiti naogopa. Nayaandika haya kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jumamosi, 12 Julai

Mama hali kitu. Miguu imevimba. Zahanati wamesema nimtunze tu nyumbani. Nimetunza nini kingine mwaka mzima huu?

Nimempigia yule mwosha wa kijiji cha pili. Simu kapokea mwanawe. Mama yake yuko Mombasa kwa matibabu ya macho, kurudi hakujulikani.

Nikamdanganya Mama kwamba nimezungumza naye na amekubali. Anajua nikisema uongo, sauti yangu hupanda. Nina hasira na Mama kwa kuuliza, nina hasira na Bi Mwanatumu kwa kufa, nina hasira na huyu Kibwana aliyekuja adhuhuri na mchoro wa mlango wenye matao. Nimeushona upindo wa buibui la watu ukaenda kombo. Nimefumua.

Jumatatu, 14 Julai

Nyamvula kafa.

Kaanguka jikoni alfajiri, presha. Nilisikia sufuria. Nilipofika alikuwa keshakwenda. Innalillahi. Jana tu alinitania.

Mume hana, waliachana zamani. Binti yake yuko Dar, kapanda basi. Dada yake mkubwa hawezi hata kusimama. Wanaume wakafanya yao haraka: wamechimba kaburi, wamechimba ufuo uani chini ya kitanda cha kamba, maji ya kuoshea yaingie humo. Sanda imekuja. Ubani umekuja. Hakuna mtu.

Tulijaa pale wanawake tele. Mmoja mjamzito. Mmoja moyo wake mdogo. Mmoja hajawahi. Mmoja ana siku zake na kasema hivyo kwa sauti, sijui kama kweli. Wote wanalia, na wanalia hasa, Nyamvula alikuwa mtu wa watu. Bwana Kibwana nje anapiga simu Tanga, atafutiwe mwosha na gari la kumleta. Kipimo cha vigae kinachungulia mfukoni mwake. Shehe anasema maiti asicheleweshwe. Jua linakwenda.

Nilikaa karibu na miguu yake. Kanga imepanda kidogo. Kisiginoni magamba ya samaki yamemnata, makavu, mawili matatu. Sijui kwa nini ni hayo yaliyonigusa. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikasema mimi. Watu wakageuka. Nikasema tena, mimi, leteni maji.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Haya. Tukaingia.

Shehe akasimama nje ya pazia, kitabu mkononi, akinisomea hatua moja moja. Wawili wakashika pazia, macho chini. Nikajifunga kitambaa mkononi. Shehe anasoma haraka. Nikamwambia polepole Shehe, huku sisomi, huku naosha. Akapunguza. Nilisahau kumkamua tumbo, nikawa nimeshafika kwenye kichwa, pakachafuka, ikabidi nianze upya. Shehe akasema rudia, hakuna ubaya, rudia. Sauti yake ilikuwa ya upole na nilitaka kulia kwa upole huo.

Mzito. Hakuna aliyeniambia kuwa mtu ni mzito hivyo. Kuume, kisha kushoto. Maji ya mkunazi, kisha ya karafuu maiti. Magamba nimeyatoa kwa kidole. Nilikuwa nikisema naye: geuka mwenzangu, samahani, maji hayo. Nywele nimezisuka mikia mitatu. Alikuwa na nywele nzuri, sikuwahi kuziona, miaka yote ya ujirani.

Amezikwa kabla ya Magharibi. Binti hakuwahi.

Nimetapika nyuma ya nyumba. Nimeoga. Mama yuko macho. Kauliza nani kamwosha Nyamvula. Nikasema mie. Akafumba macho. Hata pole! Nimekasirika nikatoka.

Alhamisi, 17 Julai

Kikao. Bwana Kibwana kanishukuru kwa moyo wa kujitolea, watu wakapiga makofi, kisha akafungua mchoro akaingia kwenye matao.

Nikasimama. Nikasema hela hazitoki mpaka wapatikane wanawake wa kujifunza kuosha. Kila mtu akaanza kusema kwa pamoja. Ati nateka mali ya umma. Sijui taratibu za kamati. Nikamwambia Kibwana taratibu zako zingemzika Nyamvula na magamba yake. Nikasema Bi Mwanatumu alituita miaka yote, njooni mjifunze, tukamkimbia, na sasa tunataka kumwandika jina kwa rangi ya dhahabu. Chumba cha nini? Cha kufugia popo?

Nimeondoka bila viatu. Nimetuma mtoto kuvichukua. Huenda wakaniondoa. Waniondoe. Lakini wakiniondoa na asije mtu, basi hata hilo la kupiga kelele halikusaidia, na Mama yuko pale chumbani.

Ijumaa, 18 Julai

Hakuna aliyekuja barazani asubuhi nzima. Hata wenye nguo zao hapa.

Baada ya sala akaja mke wa Kibwana, na buibui la kupunguza ambalo halikuhitaji kupunguzwa. Akakaa. Akanywa maji. Akasema mumewe kamkataza kunisogelea, na kwamba mumewe hamwoshi mtu, basi hana la kukataza. Aje kujifunza lini? Nikasema kesho.

Kabla hajaondoka akafika binti wa Nyamvula. Uso umevimba kwa kilio. Atakaa mpaka arobaini ya mama yake. Alitaka nimweleze nilivyomwosha, kila kitu, nisiache. Nikamweleza. Kisha naye akasema afundishwe.

Wawili. Si wengi. Nimemtumia Kibwana ujumbe: hela za vigae zitatoka. Vyeupe, uchafu uonekane.

Kajibu "Sawa" tu. Mtu wa hotuba yule!

Jumapili, 20 Julai

Tumejifunza jana na leo, Shehe nje ya mlango, sisi ndani na mto mrefu tumeuvisha dera. Mke wa Kibwana kacheka mara moja, akajiziba mdomo. Nami nikacheka.

Mvua ndogo imenyesha. Mama kala wali kidogo na mchuzi. Nimemgeuza, nimempaka mafuta. Leo hakuuliza. Nilingoja, nikakunja nguo, nikapanga tena zilizokwisha pangwa, hakuuliza.

Nilipomfunika akanishika mkono. Akaugeuza, akaupapasa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayechagua mchele. Akasema kata kucha hizi, utanikwaruza.

Nimekaa mlangoni, nimezikata.