Mabua ya Pamba na Ngitili ya Baba

Jumatatu, 8 Julai 1996

Ng'ombe wamekamuliwa. Chai, kiporo cha viazi, taarifa ya habari. Kisha mzunguko wangu wa ngitili, hifadhi yetu ya malisho na miti, kama kila asubuhi tangu nistaafu ualimu.

Baba aliifunga ngitili hii kabla sijaanza shule. Mvua zikianza, mifugo haiingii. Nyasi zinakua, migunga inachipua. Kiangazi kikikaza tunafungua, ng'ombe wanakula wakati wenzao wa kwingine wanakonda. Ni kazi ya kungoja tu. Baba alijua kungoja.

Leo nimekuta watu wawili wasiojulikana wanapima unene wa migunga kwa kamba. Hawakupiga hodi nyumbani. Walisema wametumwa na kinu kipya cha mafuta. Niliwaambia watoke. Wakatoka, lakini kamba waliiacha imefungwa kwenye mti mmoja. Nimeifungua mwenyewe. Nimeitupa barabarani kwa hasira.

Alhamisi, 11 Julai

Bwana Salum amekuja. Yeye ndiye mwenye kinu kipya cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe kwa watu binafsi tumeona wanunuzi wengi, wengi wakiwa na mizani na maneno. Huyu amejenga. Lazima nikiri hilo.

Ana injini ya mvuke aliyoinunua katika shamba la mkonge lililofungwa. Inakula kuni. Inazungusha kinu na jenereta pamoja. Anasema dizeli inatoka ng'ambo na inapanda bei kila wiki, kuni ziko hapa. Anataka wenye ngitili wote wamuuzie miti iliyosimama. Akipewa, atavuta waya mpaka zahanati bila malipo. Asipopewa, atahamishia mitambo upande wa Maswa, ambako wamekwisha kubali.

Ngitili yangu ndiyo kubwa. "Ukikubali wewe, mwalimu, hawa wengine watafuata," alisema, akamaliza uji wake.

Hana adabu mbaya. Ndiyo maana nahangaika.

Ijumaa, 12 Julai

Nilimweleza Kabula, binti yangu. Ni muuguzi wa zahanati, peke yake kwa vijiji vitatu. Nilianza tangu mwanzo. Nilimwambia mti hupumua hewa ya ukaa na kuifanya kuwa gogo. Ukichoma gogo, hewa inarudi angani. Ikizidi huko juu inakuwa blanketi, na joto la ardhi halitoki. Mataifa yamekwisha kaa mikutano juu ya jambo hili. Nimelisikia redioni mara nyingi na nimelisoma.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Baba, miti yako imesimama vizuri. Mimi nazalisha watu nimeuma tochi kwa meno."

Akachukua kapu lake akaondoka.

Friji ya chanjo ni ya mafuta ya taa, na utambi wake unazimika. Mwezi uliopita chanjo ziliharibika zote. Watoto waliozikosa hawakula njama na mtu yeyote kuhusu hali ya hewa.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Sikumbuki mahubiri. Nilikuwa nakata na kupanda miti kichwani.

Jumanne, 23 Julai

Siku tisa bila usingizi wa maana. Leo nimepata kitu.

Nilikuwa napita shamba la Masanja, jirani yangu. Amevuna mapema, na alikuwa akichoma mabua yake ya pamba. Moto mkubwa. Nilisimama nikautazama kama mjinga.

Kila mwaka wilaya nzima inang'oa mabua ya pamba na kuyachoma shambani. Ni sheria. Funza wa pamba hujificha humo na kungoja msimu ujao. Tunachoma, na moto ule haupiki hata kikombe cha chai. Hewa ya ukaa inapanda juu, kazi haikufanyika.

Basi mabua yachomwe ndani ya boila ya injini ya Bwana Salum. Moshi ni ule ule ambao ungetoka shambani, lakini sasa unazungusha kinu na kuwasha taa. Migunga ibaki.

Nilimweleza Masanja pale pale, dakika nyingi. Aliegemea jembe. "Mwalimu," alisema, "kumbe kila mwaka nachoma kuni zako bila kujua." Akacheka. Sikucheka. Nilikuwa na furaha mno.

Jumamosi, 3 Agosti

Dagashida, mkutano wetu wa mila, umekaa leo. Bwana Salum alialikwa. Wengi wamechoka na pamba na wanataka fedha ya miti. Siwalaumu.

Nilisema yangu. Nilisema pia habari za Mwanhuzi, nilikofundisha miaka kumi na miwili, jinsi nilivyoona kaya zinapikia mavi ya ng'ombe kwa sababu miti ilikwisha, na mbolea ikakosekana shambani. Hapo wazee waliitikia kwa vichwa. Nilipofika kwenye blanketi la angani, niliwapoteza.

"Mwalimu anasema dunia inapata joto," Masanja aliwaambia. "Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuvaa koti." Mkutano mzima ukacheka. Kisha huyo huyo akasimama upande wangu. Alisema mabua ni ya bure na mikokoteni tunayo, tujaribu. Ameajiriwa kinuni kuchochea moto, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito.

Bwana Salum amekubali majaribio. Mabua yakishindwa, miti itakatwa. Yote.

Nimeahidi mbele ya watu.

Jumatano, 14 Agosti

Aibu asubuhi, nafuu mchana.

Mikokoteni sita ya mabua ilipelekwa. Boila iliyameza. Moto ulipanda kwa kishindo, ukashuka kabla mvuke haujashika. Kinu kikaanza, kikasimama. Kikaanza, kikasimama. Masanja, jasho linamtiririka, akaniambia, "Moto huu ni wa kuchomea mahindi mabichi, mwalimu. Chuma kinataka moto wa kukaa." Bwana Salum akawa anatazama saa yake.

Nilikaa juu ya gunia. Mbele yangu kulikuwa na lundo la maganda ya mbegu, yale yanayobaki baada ya kukoboa. Nilishika konzi. Yana mafuta kidogo bado. Nikamwambia Masanja atie koleo moja la maganda kwa kila mzigo wa mabua, na apunguze mlango wa hewa.

Kinu kilizunguka hadi jioni.

Nimerudi nyumbani nimechafuka kama fundi. Kabula amenichemshia maji ya kuoga. Ameweka na sabuni mpya.

Jumatatu, 2 Septemba

Bwana shamba amekuja kinuni kwa pikipiki. Ameona milima ya mabua tuliyolundika kwa ajili ya miezi ijayo. Ametoa amri: tarehe ya mwisho ya kuchoma masalia iko pale pale, iwe kinuni au shambani. Mabua yatakayobaki siku hiyo yateketezwe. Funza hawasomi mkataba wetu, alisema.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi mwenyewe nilifundisha somo hilo. Niliwapeleka wanafunzi mashambani kukagua, nikawaandikia barua wazazi waliochelewa. Nilipasua vitumba ubaoni kuwaonyesha funza waridi amelala. Halafu nimelundika chakula na kitanda chake katikati ya kijiji, nikaita maarifa.

Nilisahau kwa sababu nilitaka jibu liwe zuri. Mzee wa miaka sitini na minane.

Mabua yatatosha mpaka tarehe ile tu. Maganda peke yake hayatoshi. Kinu kinakamua karibu mwaka mzima.

Jumanne, 3 Septemba

Sijala. Sijatoka.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepiga hesabu siku tisa. Sasa nimeamua, nami naandika hapa nisijidanganye baadaye.

Nilikuwa natetea mti usikatwe. Hilo halikuwa swali sawasawa. Mgunga ukikatwa vizuri, juu ya goti, kabla ya mvua, kisiki kinachipua. Kinachokua kinavuta tena hewa ile ile iliyotoka kwenye boila. Dizeli haifanyi hivyo. Dizeli ni misitu ya kale iliyozikwa, ukiichoma hakuna kisiki kinachoipokea. Kwa hiyo kuni zinaweza kuwa safi kuliko dizeli, kwa sharti moja tu: usikate zaidi ya kinachoota. Sharti hilo ndilo gumu. Njaa ya boila haina kipimo, ya mtu ndiyo yenye kipimo, tena mara chache.

Leo nimependekeza hivi mbele ya dagashida. Kila ngitili igawanywe vipande vinane. Kila mwaka kipande kimoja kikatwe, kifungwe, mfugo usiingie mpaka machipukizi yapite kimo cha mbuzi. Mabua na maganda yatangulie hadi tarehe ya bwana shamba. Kuni zifuate. Na nitaanza na ngitili yangu.

Bwana Salum alipinga. Alitaka yote, alisema injini haiwezi kungoja miaka minane. Nilimwambia injini itakuwa hai baada ya miaka minane kama kuna cha kuila. Maswa watamaliza yao kwa mitatu, kisha atahamia wapi? Ni mfanyabiashara, alikuwa anahesabu. Akasema sawa, waya utakuja.

Sikushinda. Nimetoa miti ya baba.

Jumatano, 25 Septemba

Vijana wamekata kipande cha kwanza cha ngitili yangu. Nilisimama hapo tangu mwanzo nikawaonyesha pembe ya panga, wasipasue kisiki, maji yasikae juu. Nilieleza mno. Mmoja akasema, "Mwalimu, tumeelewa tangu mti wa pili."

Ni kipande cha karibu na barabara. Baba alikuwa akiwalaza ndama hapo wakati wa jua. Uchungu umekwisha nusu. Nusu nyingine imebaki.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kabula alikuja mchana kuniita, akaniambia nivae viatu tu, nisiulize. Zahanati. Alibonyeza swichi. Taa mbili, moja chumba cha kujifungulia. Friji mpya inavuma kwa sauti ndogo.

Akinamama kwenye benchi walitazama dari. Mmoja akauliza kama inauma macho. Kabula alimwambia hapana, mama, utaizoea.

Kupitia dirisha nilikuwa naona moshi wa kinu. Nilijua kuna nini ndani yake, hata uzito wake kwa kukadiria. Niliutazama na kuitazama taa. Sikuweza kuchagua kimoja nikikiacha kingine. Nilikaa kwenye benchi mpaka Kabula akasema nawazibia wagonjwa nafasi.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua nzuri wiki mbili. Visiki vimechipua, karibu vyote, machipukizi mekundu laini kama kidole cha mtoto.

Jana mbuzi walipita wakala safu nzima ya upande wa barabara. Mbuzi wangu. Mimi ndiye niliyeacha kamba ya mlango wa zizi bila kuifunga. Nilikwenda kwa Masanja, ambaye dagashida ilimweka kuwa mwangalizi wa ngitili, nikajishtaki. Sheria niliyoitunga mwenyewe inasema faini ni mbuzi mmoja. Masanja alichagua, si mnono sana wala si mkondefu. Ana huruma huyu.

Leo amekuja kunisaidia kuweka boma la miiba. Tulipopumzika akaniuliza kipande hiki tutakirudia lini. Nikamwambia mwaka 2004.

"Utakuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na sita."

"Basi utakuwepo kutueleza."

Nimefunga tawi la mwisho langoni, nikapiga magoti kwenye matope kuangalia kama mbuzi anaweza kupenya chini yake. Hawezi.