Bastola ya Kiunoni na Machungwa ya Mama

Evere, Bruseli
Jumatatu, tarehe 12 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Hilaire,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Jémima na watoto. Hamjambo nyote? Mgongo wako umepoa, au bado unainua mizigo ya ghalani kana kwamba una miaka ishirini? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Baridi imekaza tangu Noeli na magoti yangu yanajua habari ya theluji kabla ya televisheni. Shemeji yako Patient anaendelea kuendesha basi. Shekinah wetu ana mitihani, kwa hiyo nyumba imekuwa na ukimya ambao sijauzoea. Mimi bado niko kwenye nyumba ya wazee, nawaosha, nawalisha, nasikiliza habari za vita vyao.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Cédric, mtoto wa Tonton Kalenga, anasafiri kuja Dallas Alhamisi, ameniahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, lakini nakujua: unazisikiliza garini, Jémima pembeni na watoto nyuma. Hii uisome peke yako kwanza. Halafu wewe mwenyewe utaamua nani mwingine aisome.

Umeniomba shauri kuhusu kanisa lenu. Nimeelewa kwamba tangu yule mtu aje kuwatisha akina mama pale mnapoegesha magari, mmeamua kuwe na walinzi mlangoni, na wewe ndiye mkuu wao. Nimeelewa pia kwamba sheria ya huko inakuruhusu kuvaa bastola kiunoni ikionekana, au kuificha chini ya koti, na kwamba kamati imegawanyika pande mbili. Mchungaji anataka ionekane, ili mwenye nia mbaya aione akiwa mbali na ageuze. Wengine wanataka ifichwe, ili watoto wasiizoee, na ili huyo mwenye nia mbaya asianze na wewe. Jumapili ya tarehe mosi Februari utasimama kuwaambia lipi litafuatwa.

Nisamehe, nilicheka kidogo. Nilimkumbuka Hilaire aliyekuwa akizunguka nyumba tatu kwenda shule kwa kumwogopa bata mzinga wa jirani, na mimi nimebeba mifuko yote miwili. Leo ni mkuu wa walinzi. Sawa, dunia inazunguka.

Kicheko kiliishia Jumamosi ya tarehe tatu, ulipotuma picha kwenye kundi la familia. Umesimama mbele ya kanisa na suti ya buluu, mwanao Ushindi umemshika mkono, na koti limefunguka upande wa kulia. Mimi niliona suti. Mama aliona bastola. Alichukua simu yangu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili kama Shekinah alivyomfundisha, akaitazama muda mrefu, akanirudishia. Hakula jioni ile. Nilidhani ni tumbo.

Kesho yake, Jumapili, tulikwenda soko la kituo cha treni cha Gare du Midi kumnunulia Mama vitu vya safari yake ya kuja kwenu. Unajua, au labda hujui, kwamba tangu afike hapa miaka tisa iliyopita Mama hapiti karibu na mtu mwenye bunduki. Polisi wakisimama na bunduki ndefu kituoni, yeye huzunguka. Tumezoea, tunazunguka naye. Siku hiyo mvua ilitusukuma ndani ya kituo, tukakata kona, na polisi wawili walikuwa mbele yetu, hatua nne tu.

Mama akasimama. Akaweka mfuko chini. Akapiga magoti pale kwenye sakafu yenye maji, akatoa machungwa matatu, akayapanga mbele ya viatu vya yule kijana, moja, mbili, tatu. Hilaire, niliganda. Watu walikuwa wanapita na masanduku yao wakitutazama. Yule polisi alikuwa mtoto tu, ndevu hazijakomaa. Akainama akasema kwa sauti ya chini, « Non, madame, merci, gardez-les », hapana mama, asante, baki nayo. Mama akaelewa kwamba machungwa hayatoshi. Akaanza kuivuta pete ya ndoa kidoleni.

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia Mama, tuko Bruseli, hapa si barrière ya askari, hakuna wa kulipwa. Yule kijana akayaokota machungwa mwenyewe, akayarudisha mfukoni moja moja, akamsaidia kuinuka. Tulirudi, tukakaribia nyumbani. Ndipo akasema:

« Ule ni mutoto muzuri. Alikuwa na bunduki, lakini hakukamata kitu. »

Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndivyo wanavyosema, na mimi nilitaka kuishia hapo. Lakini tulipofika nyumbani alilifungua sanduku la safari yake ya kwenu, lile alilokuwa amelipanga tangu Desemba, akaanza kutoa vitu. Vitenge vya Jémima, vigauni vya Hadassa wenu mdogo, unga wa muhogo alioufunga mara tatu. Vyote sasa viko juu ya kabati. Tiketi yake ni ya tarehe saba Februari. Amekungoja miaka kumi na minne bila kukuona, pasi yake ya Kibelgiji amekuwa akiilalia chini ya mto, na sasa akiulizwa kuhusu safari anajibu kwamba ataona.

Ndiyo sababu nitakuambia jambo ambalo hatukukuambia. Sisi tulikukuza ukijua kwamba baba yetu, Papa Donat, alifia barabarani. Si kweli kabisa, na uongo huo tuliutunga mimi na Mama kwa kukupenda.

Zile barrière unazikumbuka, hata kama kidogo. Askari waliweka kamba, bunduki mabegani, nasi tuliwaona toka mbali. Tulikuwa na muda wa kuchagua: kugeuka, au kutayarisha cha kutoa. Mama alikuwa hapiti bila kitu mkononi, ndizi, sabuni, hata chumvi. Watu wale walitunyang'anya, lakini hawakutudanganya. Walikuwa walivyoonekana.

Aliyemchukua Papa hakuonekana. Alikuja nyumbani mchana, amevaa koti zuri, akabisha hodi kama mtu wa heshima. Papa alikuwa na neno lake, mgeni njoo mwenyeji apone, akampa kiti chake mwenyewe. Mama akaleta chai. Mgeni akakupakata wewe, Hilaire, ulikuwa na miaka mitatu, akakuuliza jina lako. Baada ya kidogo ulishuka magotini pake ukaja kwa Mama, ukasema mgeni ana chuma tumboni. Mama alidhani ni mkanda. Alikumiminia chai kwenye kisahani ukanywa.

Walipomaliza chai akamwomba Papa amsindikize kidogo. Papa alivaa viatu. Hakurudi, na tulimkuta siku ya pili.

Mama hajajisamehe kwa ule mkanda. Anasema mtoto alimwambia, na yeye akammiminia chai. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa mlangoni, na mimi pia sikuangalia. Usijilaumu wewe, ulikuwa mdogo, na wewe pekee ndiye uliyesema. Ninalia ninapoandika hivi, utaona mahali wino umetoka.

Basi sasa unaona kwa nini swali lako limenilaza macho. Kichwa changu kinasema ionekane. Mtu mwenye silaha na aionyeshe, ili anayempa kiti ajue anampa nani. Nikifikiri hivyo nasema Mchungaji wenu ana haki. Halafu namwona Mama sakafuni na machungwa yake, namwona amefika mlango wa kanisa lenu na gauni lake la maua, mwanawe amesimama pale na bastola wazi, naye anatafuta mfukoni atoe nini. Ukiificha nayo haifai. Unajua jinsi Mama anavyokumbatia: hafiki mabegani pako, mikono yake itakuzunguka kiunoni. Ataikuta. Na mara ya pili atajua kwamba si mkanda.

Mimi sikai Texas. Sijui usiku wenu wala mchana wenu, na sitaki kuwa dada wa kutoa amri kutoka ng'ambo ya bahari. Mliogopeshwa, na hofu yenu ni ya kweli. Akina mama waliotishwa pale nje ni kama Mama yetu, na wanastahili kulindwa. Sikuambii kanisa libaki bila mlinzi. Ninakuambia kwamba nikilazimishwa kuchagua nitasema ionekane, lakini mimi sijalazimishwa, na wewe hujalazimishwa kuwa ndiye unayeivaa. Kuna watu wazima wengine katika kanisa lile. Waambie kamati kwamba una sababu. Ukitaka waambie sababu yenyewe, nakuruhusu. Imefichwa vya kutosha.

Na kama utaona kwamba ni lazima uendelee, basi nakuomba kitu kidogo, nikipiga magoti kama mkubwa asivyompigia mdogo wake: siku ya uwanja wa ndege usiwe nayo, na muda wote Mama atakapokuwa kwako isiwe nyumbani. Si kabatini, si garini. Mama ana pua ya mambo hayo.

Habari nyingine ni ndogo. Duka la mwisho ulilolipenda ulipopitia huku kabla Mama hajafika, kule barabara ya chaussée d'Ixelles, limefungwa, sasa wanauza simu. Kwaya yetu imepata mpiga gitaa mpya, anapiga vizuri akiwahi. Vitenge nimevirudisha kwenye sanduku jana Mama akiwa bafuni. Asubuhi nilivikuta tena juu ya kabati, vimekunjwa vizuri kuliko nilivyovikunja mimi.

Nisalimie sana Jémima, mwambie chai ya dawa aliyoniomba ipo kwa Cédric. Mbusu Hadassa kwenye mashavu yote mawili, na Ushindi mwambie shangazi ameona jino limetoka. Patient anakusalimu, anasema ukimpa Mama nyama ya kuchoma ya huko usimpe ngumu. Shekinah anamsalimu mjomba wake kwa « tonton » nyingi.

Nilimwambia Mama kwamba ninakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani. Alikuwa anamenya chungwa karibu na dirisha. Alimaliza kulimenya lote kwanza, halafu akaniambia:

« Umuulize tu: nikifika kwa mulango yake, nitoe nini ili anipitishe? »

Jibu liko kwako, na tarehe saba haiko mbali. Mungu aliyekupitisha kila kamba ukiwa mgongoni kwa Mama akupitishe na hii pia, akufunike wewe na nyumba yako.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa akupendaye, niliyekubebea mfuko na nitakayekubebea hata hili,

Alphonsine