Gunia la Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Kamba yangu ya nguo imetekwa. Wifi, dada wa mume wangu, ana wiki ya pili hapa kwetu. Leo ameanika pakiti tupu za biskuti, za maziwa, za sabuni ya unga — zote zimeoshwa! Jirani ameuliza kama takataka zetu zinaenda harusini. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Pakiti hizi hata wanunuzi wa chakavu hawazitaki; mimi huzichoma nyuma ya jiko. Yeye anazikata vipande vyembamba, anasuka ukili mrefu kama mkanda, kisha anaushona kuwa mkeka. Muuguzi wa zahanati ameagiza mitatu, ya kina mama wanaosubiri kupima watoto. Ikimridhisha Jumamosi, atampa Wifi stoo ya zahanati iwe karakana.

Jumatano, 5 Machi

Mkeka wa pili umekwisha. Nimeumwagia chai kwa makusudi. Nimeufuta kwa kitambaa mara moja tu, safi kabisa. Sijamwambia kitu, nina kiburi changu. Lakini mikono ile! Anasuka huku ananipa umbea, hatazami chini hata mara moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeharibu. Alhamisi ni siku yangu ya kuchoma taka. Nimebeba gunia la mlangoni kama kawaida, nikawasha kiberiti. Kumbe ndani mlikuwa na pakiti za mkeka wa tatu. Zimeshaoshwa, zimeshakatwa. Moshi mweusi mpaka sebuleni. Wifi ametoka akikohoa, akatazama majivu. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza. Kasema tu nichukue ndoo, tuanze kwa majirani. Nyumba kumi na moja tumebisha hodi kuomba takataka — mimi na maringo yangu! Nimeona haya. Na nimempenda sana yule mwanamke.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapa zahanati, kwenye benchi. Vidole vina malengelenge. Mkeka wa tatu tumeumaliza asubuhi hii. Nusu nimesuka mimi na inaonekana, umepinda. Muuguzi ameikanyaga mikeka yote mitatu, ameivuta, ameifuta kwa maji. Kwenye uliopinda amesimama. Akauliza nani kasuka huu. Nikatazama dari. Wifi akajibu bila wasiwasi: huyu wifi yangu, ameanza juzi tu, na kama yeye ameweza basi mtaa mzima utaweza. Muuguzi kaleta ufunguo wa stoo, bado anahangaika na kufuli. Wifi ananiita nikaone chumba chetu. Amesema chetu —