Shuka Yako Imepata Tuzo

Kitengela, Novemba 2000

Baba Naeku,

Naeku ameota meno ya mbele. Cherehani bado inakata uzi, lakini zile nguo nilizoshonea filamu zimepata tuzo ya mavazi bora Nairobi. Majaji walisifu sana shuka ya mchungaji, wakauliza nimeichakazaje hivyo begani. Nikacheka tu. Ni ile yako, uliyokuwa ukivaa ukibeba ndama. Niliwakataza watu wa filamu kuifua.

Koinet, aliyerudi juzi kutoka huko, ameniambia ng'ombe wa mwisho alikufa kwa ukame huko mlikohamia kutafuta malisho, na kwamba unaona aibu kurudi mikono mitupu. Mimi sikuolewa na ng'ombe. Shuka nimeirudisha kitandani, upande wako, lakini peke yake haifukuzi baridi.

Mkeo,
Mwongeli