Wapagazi Niliowavalisha Mashati

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mguu wako umeacha kuuma? Na mvua imewafikia hapo Kilimatinde? Mimi mwili mzima, ila moyo umeshtuka na haujatulia. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ningelia tu.

Yule mzee wa Kiingereza ninayemhudumia ana watu wadogo wa bati, urefu wa kidole. Anawanunua, anawapaka rangi, anawapanga mezani kama vita za zamani zilivyokuwa, halafu wazee wenzake wanakuja kupigana kwa kurusha dadu. Nilipofika nilidhani ni uchawi, chumba kile nikawa nakifagia huku nasali. Sasa nimezoea. Mikono ikimtetemeka, brashi ananipa mimi.

Juzi akanipa wanaume wenye mizigo kichwani na matambara kiunoni, akasema wanakwenda safari ndefu. Sasa Mama, kwetu mtu anasafiri amevaa matambara? Nikawapaka mashati meupe, kila mmoja na kola yake. Nikajiona fundi kweli.

Mzee alipowaona akacheka. "Hawakuwa na mashati," akasema. "Ni wapagazi wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Walikamatwa vijijini mwao." Akachukua uzi, akaanza kuwafunga shingo kwa shingo. Akawapanga chini ya kilima alichokitengeneza kwa karatasi. Kilima kimeandikwa Kilimatinde. Nikakaa sakafuni.

Nikamuuliza kama walirudi. Akasema wengi walikufa njiani kwa njaa na kuhara, na hakuna aliyejali kuandika majina yao. Alisema hivyo huku anakaza fundo.

Mama, nikamkumbuka babu yake Babu. Yule tunayeambiwa alitoroka wakati wa vita akaenda kuoa kwingine, mkewe na watoto wakabaki wanakula mizizi. Ukoo mzima ulimkasirikia, hakuna mtoto aliyerithi jina lake hadi leo. Je, kama hakutoroka? Kama alifungwa kamba kama hawa? Sina ushahidi, na mzee naye hana. Lakini nimeona aibu sana, maana hata mimi nilishamcheka marehemu yule.

Mashati nimekataa kuyafuta. Mzee alinuna kidogo, kisha akaniacha.

Nisalimie kaka, na wifi yangu mwenye mimba, mwambie asibebe ndoo. Shangazi wa Itigi mwambie asali yake iliisha wiki ya kwanza. Babu mpe shikamoo yangu, kisha ukae karibu naye umsomee barua hii taratibu. Najua hapendi kuulizwa habari hizo, na anaweza kukufukuza. Rudi tena. Ndiye peke yake aliyebaki anayelijua jina lile, na wifi anakaribia kujifungua.

Muulize babu yake aliitwa nani.

Ni mimi mwanao,
Eliza